Jina la Chuo Halibebi Daraja

Jumapili moja jioni, nikiwa nimezama katika kusahihisha insha za wanafunzi wangu, nilisikia hodi mlangoni. Aliyeingia alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kilifi, kijana wa miaka 18 ambaye wiki chache kabla ya hapo alikuwa ametajwa kwa fahari kijijini kwao kwa kupata alama ya A- katika mtihani wa kidato cha nne.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Hakuketi mara moja. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya meza yangu, juu ya insha za watu. Ilikuwa na majina ya vyuo vikuu vitatu, na mbele ya kila jina ameandika maneno yale yale: uhandisi wa ujenzi.

"Mama amesema nisirudi nyumbani mpaka utie alama mbele ya kimoja," akaniambia. "Na amesema uchague chenye jina."

Nilicheka kicheko cha mtu anayejitafutia muda. Mimi ni mwalimu wa isimu. Nipe neno nitalipasua, nikuonyeshe mzizi na viambishi vyake, lakini usiniulize nguzo ya zege yaweza kubeba uzito gani. Hata hivyo, sikuweza kumrudisha kijana mikono mitupu. Kwanza, nimefundisha stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, na nimewaona wakiingia na wakitoka. Pili, nina deni katika jambo hili, deni ambalo nitalikiri hapa chini.

Nilianza pale nilipopajua, yaani kwenye neno lenyewe. Neno mhandisi tumelipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi, ambao neno lao la asili lilihusu kipimo. Kwa hiyo mhandisi, kwa nasaba ya jina lake, si mtu wa kofia ya manjano na ghorofa ndefu. Ni mtu wa kupima. Waingereza nao waliiita fani hii uhandisi wa kiraia ili kuutenga na ule wa kijeshi, ambao kazi yake ilikuwa ngome na mahandaki. John Smeaton, katika karne ya 18, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kujiita hivyo, na chama cha wahandisi wa aina hiyo kikaundwa London mwaka 1818. Sisi twasema uhandisi wa ujenzi, na hapo ndipo penye mtego mdogo wa lugha, kwa kuwa kijana akisikia ujenzi huona nyumba tu. Haoni bomba la maji safi wala mfereji wa maji machafu. Haoni barabara, reli, gati la bandari, bwawa, wala udongo ulio chini ya vyote hivyo.

"Je, wewe waona nini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Naona daraja la pale kwetu."

Jibu hilo lilinigusa, maana mimi pia nililelewa Kilifi, na nilizaliwa kabla ya daraja hilo. Lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo, aliyetaka kwenda Mombasa alipanga foleni ya kivuko. Nakumbuka usiku mmoja nikiwa mtoto, bibi yangu amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, akipelekwa hospitali, nasi tukingoja zamu yetu ya kuvuka. Mlango wa bahari ule si mpana, na taa za ng'ambo zilionekana karibu kama za nyumba ya pili. Tulivuka hatimaye, na bibi akapona, lakini kungoja kule hakujanitoka moyoni. Leo gari hupita juu ya maji yale kwa muda mfupi kuliko wa kusoma aya hii. Huo ndio uhandisi wa ujenzi, msomaji: ni kupunguza muda ambao mgonjwa hungoja gizani.

Basi, nikamwambia mpwa wangu, unachagua mahali pa kujifunza kuwabeba watu wasiokujua. Uchaguzi wa namna hiyo haufai kufanywa kwa kutazama jina.

Kwa wazee wetu swali hili halikuwapo. Chuo cha Kiufundi cha Kifalme cha Afrika Mashariki kilifungua milango yake Nairobi mwaka 1956, na kutoka humo ndimo ulimochipuka Chuo Kikuu cha Nairobi. Baina ya mwaka 1963 na 1970, nchi zetu tatu zilipokuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, ziligawana kazi: aliyetaka udaktari alielekea Makerere, aliyetaka sheria alielekea Dar es Salaam, na aliyetaka uhandisi, awe Mganda, Mtanzania au Mkenya, alikuja Nairobi. Mlango ulikuwa mmoja. Chuo kile kilipovunjwa mwaka 1970 kila nchi ikajitegemea, na Dar es Salaam ikaanza kufundisha wahandisi wake mwaka 1973. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Moi kikaundwa mwaka 1984. Chuo cha Juja, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994, kwa jina la Jomo Kenyatta. Mwaka 2013 vyuo viwili vya ufundi vya siku nyingi, cha Nairobi na cha Mombasa, vikapandishwa hadhi vikawa vyuo vikuu vya kiufundi. Fauka ya hivyo kuna vingine kadha wa kadha, vya umma na vya binafsi.

Wingi wa milango ni neema. Lakini mwenye mlango mmoja hapotei njia. Mwenye milango kumi huhitaji mtu wa kumwelekeza, na aghalabu mwelekezaji wetu huwa ni uvumi. Mzazi husema chuo fulani kina jina. Rafiki husema chuo fulani kina majengo mapya na uwanja wa kuogelea. Mwalimu naye, Mungu amsamehe, mara nyingine husema chuo alichosoma yeye. Mpwa wangu alikuwa na vyote vitatu katika karatasi ile moja: chuo kikongwe cha jijini kilichopendekezwa na mama, chuo cha umma kisicho mbali na nyumbani ambacho hakuna aliyekisifu, na chuo cha binafsi ambacho kijitabu chake cha rangi kilikuwa kizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kuchapisha.

Hapo ndipo nilipomsimulia juu ya deni langu.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifundisha kwa muda, alinijia kijana mmoja wa mwaka wa pili wa uhandisi. Alikuwa mwangavu, mwenye maswali mengi. Alikuwa amesikia kwamba kozi yao haijakubaliwa na bodi inayosajili wahandisi, akataka kujua kama ahamie kwingine wakati ungalipo, ijapokuwa angepoteza mwaka mmoja. Mimi, kwa kujiamini kwa mtu asiyejua, nilimwambia kuwa shahada ni shahada, na kwamba subira huvuta heri. Aliniamini kwa sababu nilikuwa mwalimu wake. Akakaa, akasoma miaka yote mitano, akahitimu vizuri, akapeleka makaratasi yake, na yakarudishwa. Nilikutana naye baadaye katika duka la vifaa vya ujenzi, akiwauzia wenzake saruji na nondo za kwenda kufanya kazi aliyoisomea yeye. Hakunilaumu. Alinisalimia kwa heshima ile ile, akanifungia msumari nilionunua kwa karatasi ya gazeti, na mimi nikaondoka nikiwa sina la kusema.

Kijana yule hakuwa peke yake. Wahitimu na wanafunzi zaidi ya 100 wa uhandisi walikwenda mahakamani kwa sababu ya shida kama hiyo, na mvutano kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha kozi hizi ulifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa hukumu yake mwaka 2018. Sitajitia katika vifungu vya sheria, kwani si fani yangu. Ninalotaka mwanafunzi alishike ni hili: chuo hukupa shahada, lakini hakikupi ruhusa ya kutia sahihi. Kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, anayehitimu huandikishwa kwanza na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya waliomtangulia kwa miaka kadhaa, ndipo aweze kuwa mhandisi mtaalamu. Na anayejiita mhandisi na kufanya kazi hiyo bila kuandikishwa huvunja sheria. Kozi isiyotambuliwa, basi, ni ngazi iliyokatwa vidato vya juu. Utaipanda kwa bidii, na utafika mahali pasipo pa kukanyaga.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya jina na kabla ya karo, ni hili: je, kozi hii, katika chuo hiki, inatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na pia na Bodi ya Wahandisi? Nasema kozi, sisemi chuo. Chuo chaweza kuwa kizuri kwa sheria na kwa ualimu, na kozi yake ya uhandisi ikawa bado changa. Wala usimuulize mtu wa kusajili wanafunzi, maana kazi yake ni kusajili. Uliza Bodi yenyewe, kwa maandishi, kwa kuwa orodha hubadilika. Na anayekwenda kusoma ng'ambo, iwe India, Uchina au Ulaya, aulize swali hilo hilo kabla ya kupanda ndege, si baada ya kushuka.

Swali la pili ni la maabara. Nilimwambia mpwa wangu kwamba hatutatia alama yoyote hadi tuvione vyuo vyenyewe, na kweli tulikwenda katika viwili vilivyokuwa vimepita swali la kwanza. Kile cha kijitabu cha rangi hatukukifikia, kwa sababu kozi yake ilikuwa haimo katika orodha siku tulipoulizia. Katika chuo kimoja tulionyeshwa mashine ya kupondea zege, kubwa na ya fahari, nayo imefunikwa turubai. Tulipouliza hutumika lini, ikabidi atafutwe mwenye ufunguo. Katika chuo cha pili maabara ilikuwa ndogo, rangi imebanduka, lakini sakafu ilijaa michemraba ya zege, kila upande milimita 150, imeandikwa kwa chaki majina ya makundi ya wanafunzi na tarehe. Mtumishi wa maabara, mzee mwenye vumbi la saruji hadi kwenye nyusi, alitueleza kwamba michemraba mingine hupondwa siku ya 7 na mingine siku ya 28, ili ionekane jinsi zege linavyopata nguvu kadiri siku zinavyopita.

"Na likikosa nguvu?" mpwa wangu akamuuliza.

"Hapo ndipo wanapojifunza," mzee akajibu. "Afadhali livunjike hapa."

Sijui kama nimewahi kusikia falsafa ya elimu iliyoelezwa kwa ufupi kuliko hivyo. Tarehe 29 Aprili mwaka 2016 jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na zaidi ya watu 40 wakafa. Mwezi wa Juni mwaka 2017 daraja la Sigiri, juu ya Mto Nzoia huko Budalangi, lilianguka kabla halijakamilika. Sisemi kwamba chuo fulani ndicho kilicholeta misiba hiyo. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, na tamaa ni mojawapo. Nasema tu kwamba katika kazi hii kosa ambalo halikuvunjika maabarani huja kuvunjika juu ya vichwa vya watu waliolala.

Swali la tatu ni la walimu: ni wangapi, na je, miongoni mwao wamo waliosajiliwa kuwa wahandisi wanaofanya kazi hiyo nje ya darasa? Swali la nne ni la mafunzo ya nyanjani. Katika miaka mitano ya masomo mwanafunzi hupaswa kutoka mara kadhaa akaone kazi ikifanywa. Uliza kama chuo humsaidia kupata nafasi hizo au humwachia ahangaike na barua mkononi, na uliza kama kuna mwalimu anayekwenda kumkagua huko aliko.

Hapa nitaongeza jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni la ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa Juja na sehemu nyingi za Nairobi huvimba ukinyeshewa na kunywea ukikauka, na hupasua nyumba isiyo na msingi wa maarifa. Pwani, jiwe la matumbawe lina tabia yake, na chumvi ya bahari hula nondo ndani ya zege kama mchwa alavyo mti. Wazee wetu wa Lamu walilijua hilo pasipo shahada. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakaezeka sakafu kwa boriti za mikoko, na vyumba vyao vikawa vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Hicho nacho kilikuwa kipimo. Mwanafunzi popote atakaposoma atafundishwa kanuni zile zile, lakini udongo atakaoushika kwanza kwa mkono wake ni ule wa mahali alipo. Hiyo si sababu ya kukichagua chuo peke yake. Ni sababu ya kutokidharau kilicho karibu na nyumbani.

Swali la tano ni la gharama, na hili nilimwachia dada yangu. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023, ambao umezua mabishano hadi mahakamani, umetufunza sote kutazama bei ya kozi na si alama ya kuingilia pekee. Lakini karo ni nusu ya hesabu. Kuna kodi ya chumba, chakula na nauli, na kuna miaka mitano. Nimewaona vijana wenye akili wakiacha masomo mwaka wa tatu, si kwa kushindwa na hisabati, bali kwa kushindwa na mwenye nyumba. Asiyepiga hesabu hii mapema ameanza uhandisi wake vibaya.

Wako watakaosema kwamba nimelionea jina la chuo. La hasha. Jina lina faida zake. Chuo kikongwe kina wahitimu wengi katika makampuni na wizara, nao hukumbukana. Waajiri wengine, kwa uvivu au kwa uzoefu, husoma jina la chuo kabla ya jina la mtu. Kama chuo chenye jina kimejibu maswali yote matano vizuri, mwanafunzi na aende, tena mbio. Ninalolipinga ni jina kuwekwa badala ya majibu. Mzigo wa daraja huchukuliwa na zege na nondo, na hakuna nguzo hata moja iliyowahi kusimama kwa sababu aliyeichora alisoma mahali maarufu.

Sasa nageukia walimu wenzangu wa shule za upili. Twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Fomu za KUCCPS hujazwa kwa pupa, mara nyingi siku za mwisho, kwa kutazama alama za kuingilia za mwaka uliopita. Aliyefanya vyema katika hisabati, fizikia na kemia huambiwa ajaze uhandisi kwa sababu alama zake zinatosha, kana kwamba kozi ni nguo ya kupimwa kiunoni. Hatumuulizi aona nini akilisikia neno hilo. Wasichana nao, hata wenye alama kuliko kaka zao, huelekezwa kwingine kwa ishara ndogo ndogo: mzaha darasani, au swali la mzazi kwamba mtoto wa kike atapanda vipi kwenye jukwaa la ujenzi. Atapanda kwa ngazi, kama wengine. Nawasihi, mwaka huu, kabla fomu hazijajazwa, mwiteni mhandisi mmoja wa kaunti yenu, hata wa maji au wa barabara, azungumze na wanafunzi saa moja. Pia wapeni wanafunzi maswali haya matano wayaulize wenyewe. Nilimjibu yule kijana wa duka la saruji kabla sijauliza, na gharama ya jibu langu ameilipa yeye.

Na nyinyi wanafunzi, msione haya kuuliza. Chuo kinachochukizwa na swali kabla hujalipa karo hakitalipenda swali lako baada ya kulipa.

Mpwa wangu alilala kwangu siku tatu. Asubuhi ya kuondoka nilimkumbusha ile karatasi, nikachukua kalamu. Akaniambia, "Usijisumbue, mjomba, nimeshatia alama mwenyewe." Alikuwa amechagua kile chuo cha michemraba, ambacho ndicho kilichokuwa karibu na nyumbani na ambacho hakuna aliyekuwa amekisifu.

Jioni dada yangu alinipigia simu. Hakuniamkia hata kunijulia hali.

"Kaka, hicho chuo kina jina kweli?"

Nilimwambia kwamba sijui kama kina jina, lakini kozi yake inatambuliwa, maabara yake inafanya kazi, na mtoto wake alikuwa ameuliza maswali ambayo mimi nilishindwa kumuulizia mtoto wa mwenzetu miaka mingi iliyopita. Alinyamaza kitambo.

"Haya," akasema mwishowe. "Na karo yake ni ngapi?"

Hapo nikajua kwamba hata yeye ameanza kupima.